Sikio Kwanza: "Iron Man" na Toni za Lugha Zetu

Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa kitivoni halihusu mada ya kazi yangu ya mwisho. Linahusu gitaa. Wewe unayesoma lugha za Kiafrika, unatafuta nini kwa Black Sabbath? Wengine huuliza kwa utani, wengine kwa uchungu wa kweli, kana kwamba nimeuza shamba la ukoo. Mwenzangu mmoja wa promosheni yetu aliniambia kwamba nchi ya rumba haina haja ya kuazima kelele za Birmingham. Nimeamua kujibu kwa maandishi, maana kwa mdomo sipewi nafasi ya kumaliza.

Tena jibu langu halihusu muziki peke yake. Miezi mitano niliyotumia kujifunza wimbo mmoja wa hevi metali imenipa hoja juu ya namna tunavyofundishwa lugha zetu, na ningependa walimu na wenzangu waijadili hoja hiyo bila kunionea haya: tunaanzia kwenye karatasi mahali ambapo tungeanzia kwenye sikio.

Wimbo wenyewe ni "Iron Man", uliomo katika albamu *Paranoid* ya mwaka 1970. Una karibu dakika 6. Unaanza na ngoma kubwa ikipigwa polepole kama hatua za mtu mzito, kisha Tony Iommi anavuta uzi mnene wa gitaa upande wa funguo za kukazia nyuzi, na ile noti ya chini inalia kama mlango wa chuma usiotiwa mafuta. Baada ya hapo ndipo inapokuja rifu, yaani ile tungo fupi ya gitaa inayorudiwa rudiwa na kuubeba wimbo mzima. Kwa majina ya noti tuliyofundishwa kanisani: si, re-re, mi-mi, halafu sol na fa-diyezi zinafukuzana mara tatu, kisha re-re, mi-mi. Ni akordi za noti mbili tu, mzizi na noti ya tano yake. Mtoto anaweza kuzihesabu. Ndiyo maana wanaoanza gitaa huelekezwa kwenye wimbo huu, na ndiyo maana nami niliuchagua, nikiwa na gitaa la mbao la kuazima lisilo na ampli wala mkwaruzo wowote wa umeme.

Chombo cha kwanza anachokutana nacho mwanafunzi wa gitaa asiyesoma noti ni tabulatura. Ni mistari sita, kila mstari unasimama badala ya uzi mmoja, na juu ya mistari zinaandikwa namba za freti, vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo ya gitaa. Ukiona 7 kwenye mstari wa uzi mnene, unabonyeza freti ya 7 ya uzi huo, basi. Katika tabulatura inayozunguka sana ya "Iron Man", rifu inaanza kwenye 7, inapanda 10 na 12, inafika 15 na kurudi 14. Kwenye gitaa la bei nafuu kama lile nililopewa, ambalo tumbo lake linaufuata mkono tangu freti ya 12, kidole kinafika 15 kwa kuomba msamaha. Dawa ni kuhamia uzi wa tano: 2, 5, 7, 10, 9. Noti ni zile zile, mahali pengine. Jambo hili dogo lilinifurahisha, kwani linaonyesha kwamba namba zile hazikuwa wimbo. Zilikuwa anwani moja kati ya anwani nyingi za wimbo.

Lakini kasoro kubwa ya tabulatura ya kawaida, ile inayoandikwa kwa herufi tupu za kompyuta, ni nyingine. Inakuambia kidole kiende wapi, haikuambii kikae muda gani. 10 ya kwanza na 10 ya pili zimeandikwa sawasawa, ingawa moja inakaa na nyingine inapita mbio. Mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo, hata awe na karatasi safi namna gani, atapiga noti zote zilizo sahihi na hakuna atakayeutambua. Ukitaka ushahidi, mpe tabulatura hiyo rafiki anayejua gitaa na asiyejua Black Sabbath. Atakupigia kitu. Kitakuwa na si, re, mi, sol na fa-diyezi, kwa utaratibu wake. Hakitakuwa "Iron Man".

Katika mtaa ninaokaa kuna yaya mmoja, mpiga gitaa wa kwaya, ambaye hajawahi kusoma tabulatura maishani mwake na hucheza chochote anachosikia mara mbili. Jina la kundi lenyewe halikumpendeza hata kidogo (Sabato nyeusi, alisema, ni ya nini?), lakini mdundo ulimshika. Aliponiona nimeinamia simu nikihesabu namba, alicheka.

"Mdogo wangu, weka hiyo simu chini. Imba kwanza."

"Niimbe gitaa, yaya?"

"Ndiyo, imba gitaa. Kama mdomo haujui inaenda wapi, vidole vitajua?"

Basi kwa wiki nzima sikugusa nyuzi. Niliimba rifu kwa kinywa, bila maneno, nikitembea kwa hatua zake: ndee, ndee-ndee, ndee-ndee, na zile sita za haraka katikati ambazo zinataka kukutoroka. Nikapiga mluzi. Nikagonga mezani kwa vidole, huku wenzangu wa homu wakilalamika. Niliporudi kwenye gitaa, vidole vilikuwa na mahali pa kwenda. Bado vilichelewa kwenye kuhama kutoka mi kwenda sol, na hilo lilitaka mazoezi ya siku nyingi, kwanza kwa nusu ya mwendo, kisha robo tatu. Kidole cha pete kiliota sugu. Lakini tofauti ilikuwa kwamba sasa nilijua ninachelewa. Sikio lilikuwa linasahihisha kabla ya mtu mwingine kusema. Baada ya hapo nikairudia tabulatura, na safari hii ilikuwa na faida kubwa: ilinikumbusha, ilinipangia vidole, ilinionyesha njia fupi. Karatasi si adui. Ila inamfaa yule aliyekwisha kusikia.

Historia ya mwenye rifu hiyo inazidisha uzito wa jambo hili. Tony Iommi alizaliwa Birmingham mwaka 1948, mji wa viwanda vya chuma. Akiwa na miaka 17, kiwandani, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha kati na cha pete. Yeye hutumia mkono wa kushoto kupiga, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Vidole vilivyokatwa vilikuwa vile hasa alivyohitaji. Msimamizi wake wa kazi alimletea sahani ya Django Reinhardt, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua kwa moto mwaka 1928 na ambaye aliendelea kupiga kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zilizo laini zaidi. Sasa fikiri: plastiki haihisi uzi. Anayebonyeza kwa kifuniko hapati habari kutoka kwenye ngozi ya kidole kwamba amefika, amezidisha au amepungukiwa. Habari hiyo sharti ije kwa njia ya sikio. Sauti ile nzito ambayo vijana wa dunia nzima wanaiiga ilitoka kwenye mkono wa namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Katika "Iron Man" rifu ilitangulia maneno. Inasimuliwa kwamba Ozzy Osbourne alipoisikia, alisema inafanana na jitu kubwa la chuma linalotembea; Geezer Butler, mpiga besi, akaandika maneno yaliyolifuata wazo hilo. Na Ozzy alipoimba, sauti yake haikutafuta njia yake yenyewe: inaifuata rifu, noti kwa noti. Gitaa likipanda, sauti inapanda. Likishuka, inashuka. Alipofariki tarehe 22 Julai 2025, siku 17 tu baada ya kuimba mara ya mwisho katika mji wake wa Birmingham, niliusikiliza tena wimbo huu na nikabaki kwenye swali la kitaaluma kabisa: aliwezaje? Aliweza kwa sababu Kiingereza hakina toni za maneno. Unaweza kuliweka neno la Kiingereza juu ya noti yoyote, likabaki neno lile lile. Kiswahili nacho kinaruhusu hivyo. Kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Jaribu kufanya hivyo katika lugha nyingi zilizotuzunguka hapa Kisangani, uone.

Chukua Lingala, ambayo sote tunaisema sokoni. *Moto* kwa toni za chini ni mtu. *Motó*, toni ya juu mwishoni, ni kichwa. *Mɔ́tɔ* ni moto, ule unaounguza. Katika maandishi ya kila siku, kwenye mabango, kwenye magazeti, kwenye ujumbe wa simu, yote matatu yanaandikwa *moto*. Chukua Kikele, lugha ya Walokele, majirani zetu wa mto: *lisaka* ni dimbwi la maji, *lisaká* ni ahadi, *lisáká* ni sumu. Mfano huu unajulikana tangu John Carrington, mmisionari aliyefanya kazi Yakusu, alipochapisha kitabu chake juu ya ngoma zinazosema mwaka 1949. Ni yeye pia aliyetupa sentensi ambayo hakuna mwanafunzi anayeisahau akishaisikia, *alambaka boili*: kwa toni hizi, mtu ametazama ukingo wa mto, kwa toni zile, amemchemsha mama mkwe wake. Kwetu ambako mama mkwe hata kumtazama usoni ni kazi, si kosa dogo hilo.

Maandishi yasiyo na toni, basi, ni tabulatura isiyo na muda. Yanakuambia konsonanti gani na vokali gani, kwa utaratibu sahihi, na yanaacha nje kile kinachofanya neno liwe neno hilo na si jingine. Kwa aliyezaliwa katika lugha, si kitu: sikio lake linajaza. Yeye ni kama yule anayeusikia "Iron Man" tangu utotoni na kuangalia namba kwa kukumbuka tu. Lakini wengi wetu kitivoni si hao. Mimi nililelewa katika Kiswahili, lugha isiyo na toni, na wengi katika oditwari yetu ni hivyo hivyo, au walihama lugha ya babu zao pamoja na wazazi walipohamia mjini. Lugha ya toni inatukuta watu wazima. Inatukuta katika silabusi iliyotolewa fotokopi ya fotokopi, ambamo alama za toni, kama ziliwahi kuwamo, zimegeuka vumbi la wino.

Na tunafaulu! Hilo ndilo linaloniuma. Naweza kuandika Kanuni ya Meeussen kwenye intero bila kukosa neno: toni mbili za juu zikifuatana, ya pili inashuka. Wenzangu wanaweza. Tunapata pointi 14, 15 juu ya 20. Kisha mzee kutoka kijiji cha mto anasema sentensi moja mbele yetu, na hakuna anayeweza kumrudishia kwa mluzi jinsi ilivyopanda na kushuka. Tunaijua kanuni ya kitu tusichokisikia. Ni kama mtu aliyekariri kwamba rifu ina akordi tano tofauti, kwamba sol inakuja baada ya mi, na hajawahi kusikia hata sekunde moja ya Black Sabbath.

Wakati huo huo, Walokele walikuwa na shule bora kuliko yetu. Ngoma yao ya mti, gogo lililotobolewa lenye sauti mbili, ya juu na ya chini, haisemi konsonanti wala vokali. Inasema toni tupu. Na kwa kuwa toni peke yake zinaacha maneno mengi yakifanana, neno fupi linarefushwa kuwa msemo mzima, hadi msikilizaji asiweze kukosea. Tazama jinsi maandishi yetu na ngoma ile vinavyokwenda njia tofauti kabisa: maandishi yanatunza vokali na konsonanti na kutupa toni, ngoma inatupa yote na kutunza toni. Wazee walioipiga waliona kwamba lugha yao inaweza kubebwa na toni hata mto mpana ukiwa kati ya msemaji na msikilizaji. Sisi tuliopewa karatasi tukaamua kwamba toni ni pambo la kuongeza mwishoni, muda ukibaki.

Najua majibu. La kwanza ni lile la rumba: kwamba mifano yote hii ningeipata kwa muziki wetu, bila kwenda Birmingham. Ni kweli, ningeweza. Lakini gitaa lenyewe halikuota msituni, na rumba yetu ilikuzwa na vijana waliosikiliza sahani za Cuba bila kujua Kihispania. Walisikia kwanza. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili juu ya gitaa ambalo vidole vyake vililifanya liseme sauti mbili kwa wakati mmoja. Ni mwaka 1961 ndipo David Rycroft alipoanza kuchapisha uchambuzi wa upigaji wake kwa noti. Sikio 1952, karatasi 1961. Sina haja ya kuchagua kati ya Mwenda na Iommi. Nilichagua wimbo mgeni kwa sababu ugeni wake ulinifaa. Katika rumba sikio langu linajua tayari, kwa hiyo sikuona kazi linayofanya. Katika "Iron Man" halikujua chochote, na hapo nikaliona likijifunza, hatua kwa hatua. Mwanafunzi aliyelelewa Kiswahili akikutana na Kikele yuko katika hali hiyo hiyo ya ugeni.

Jibu la pili ni la kanisa, na nalichukua kwa heshima, maana nami ninasali. Wanaosema huo ni muziki wa shetani wamesoma jina la kundi na wametazama picha za jalada. Wasikilize pia. Hata hivyo siwaombi waupende. Yaya wa kwaya haupendi mpaka leo, na bado ndiye mwalimu bora niliyepata.

La tatu ndilo zito: tuko wengi mno katika oditwari, hatuna maabara ya sauti, umeme unakatika, mwalimu mmoja atamsikilizaje kila mwanafunzi? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaongoja wafadhili walete mashine. Mluzi hauhitaji umeme. Simu zetu zinarekodi. Mwalimu akiwa na sentensi kumi zilizorekodiwa kwa msemaji mzee, akazicheza mara tatu mbele ya oditwari nzima, kila mmoja anaweza kuandika juu ya karatasi yake mstari wa kupanda na kushuka, bila herufi hata moja, na kusahihisha karatasi hiyo ni rahisi kuliko kusahihisha kurasa nne za nadharia. Napendekeza nusu ya pointi za somo la toni zitolewe kwa njia hiyo. Napendekeza pia wiki tatu za kwanza za somo lolote la lugha ya Kiafrika zipite bila silabusi: kusikia, kuimba kwa kinywa kilichofungwa, kurudisha kwa mluzi, fotokopi ziuzwe baadaye, atakayetaka kununua atakuwa anajua anachonunua. Na kazi ya mwisho ya masomo yenye maandiko ya lugha ya toni yasiyo na alama za toni irudishwe kwa mwandishi, kama inavyorudishwa ile isiyo na namba za kurasa.

Kuhusu hilo la mwisho nimeambiwa kwamba wanafunzi wataweka alama popote ili mradi kazi ipokelewe. Inawezekana. Basi siku ya utetezi mwanajopo mmoja amwombe mtetezi aisome kwa sauti sentensi moja ya kiambatisho chake, yoyote ile, na mzee mwenye lugha awe amekaa mstari wa nyuma. Nauli yake kutoka kijijini haizidi gharama ya soda zinazonunuliwa baada ya utetezi. Uso wake utatosha kutuambia kama ni ukingo wa mto au mama mkwe.